Radi ya Kuchokozwa

Usiku wa tarehe 24 Agosti 2011 nilikuwa kwa binamu yangu, ghorofa ya tisa, barabara ya Broadview, mjini Toronto. Tulikuwa tumekwisha kula. Yeye anaosha vyombo, mimi nimesimama dirishani, upande unaotazama bonde la mto Don. Ng'ambo ya bonde ndiko katikati ya jiji, na katika msitu ule wa maghorofa mnara wa CN ulijitokeza peke yake, karibu mara mbili ya jengo lililoufuatia kwa urefu wakati ule. Joto la mchana lilikuwa bado limeng'ang'ania kuta. Mvua haikuwa imefika, ila upepo ulikwisha kuanza kuyageuza majani ya miti bondeni yakaonyesha matumbo yake meupe.

Mara mnara ukawaka nchani. Mwanga ulianzia pale kwenye mlingoti, ukapanda. Ulipokaribia mawingu ukagawanyika, na kila tawi likaelekea juu, kama mbuyu uliopukutisha majani wakati wa kiangazi. Radi niliyoizoea tangu utotoni hutawanya matawi yake kuelekea chini, kama mizizi inayotafuta maji. Hii ilikuwa mti uliosimama wima. Nikaanza kuhesabu kwa sauti. Nilipofika kumi na moja, kioo cha dirisha kikatetemeka.

“Unahesabu nini?” binamu akauliza kutoka jikoni.

“Njoo uone.”

Akaja na kitambaa cha kufutia vyombo mkononi, na hakurudi jikoni tena. Hatukuwa tumefunga midomo vizuri ikapiga nyingine. Kisha nyingine. Sekunde kumi na moja kila mara, maana sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, na kutoka dirisha lile hadi mnarani hapafiki kilomita nne. Baadaye nilisoma kwamba usiku ule mnara ulipigwa mara 52 ndani ya dakika 84, yaani chini ya dakika mbili kutoka radi moja hadi nyingine. Mnara ambao kwa kawaida hupigwa mara 75 hivi kwa mwaka mzima ulipata sehemu kubwa ya mgawo wake katika muda wa mechi moja ya mpira. Tena kulikuwa na watu waliokuwa wamejiandaa kwa usiku wa namna ile tangu mwaka 1978. Hao ndio ninaotaka kuwasifu hapa.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linanigusa. Nimezaliwa Nansio, kisiwani Ukerewe, ndani ya Ziwa Viktoria. Kwetu radi si habari ya mbali. Mchana nchi kavu hupata joto kuliko maji, upepo hutoka ziwani kwenda bara, na mvua za ngurumo hupiga juu ya vilima na mashamba. Usiku mambo hugeuka: pepo hutoka pwani zote za ziwa, hukutana katikati, na pasipo na pengine pa kwenda hupanda juu. Ndiyo maana wavuvi wa dagaa, ambao hutoka na karabai zao usiku wa giza lisilo na mwezi, huyakuta mawingu yakiwasubiri. Mjomba wangu alivua dagaa miaka mingi. Kuhesabu sekunde baada ya mmweko alinifundisha yeye. Aliniambia nikifika tano tu, nishuke mtumbwini, niache kila kitu.

Nyumbani, mvua ikinguruma, bibi alifunika kioo cha kabati kwa khanga. Nguo nyekundu zilivuliwa. Mtoto hakuruhusiwa kusimama mlangoni. Hayo yote niliyatii bila kuuliza, na baadhi yake, kama lile la mlangoni, sikatai kuyatii hata leo. Lakini palikuwa na neno jingine lililosemwa kwa sauti ya chini: radi ya kutumwa. Nilipokuwa darasa la nne, radi iliua ng'ombe wawili chini ya mwembe wa jirani. Hata jua halijatua, jina la bi kizee mmoja lilikwisha kupita kila jiko. Macho yake yalikuwa mekundu, na sisi tuliokuwa tukichota moto kwake tulijua ni moshi wa kuni za miaka sitini. Kabla ya mvua kwisha alikuwa amehamia kwa kaka yake, ng'ambo, bara. Nyumba yake ikabomoka polepole, na sisi watoto tukawa tunaizunguka mbali. Swali la kijiji kizima lilikuwa moja: nani kaituma?

Nimekaa na swali hilo muda mrefu. Halikuwa swali la wajinga. Kitu kimetoka angani, kimechagua mwembe mmoja kati ya miembe ishirini, kimeua na kuondoka kabla hujapepesa jicho. Akili ya binadamu inataka sababu, na sababu iliyo karibu zaidi ni jirani. Ili kuuliza swali jingine, inabidi mtu awepo pale radi inapopita, awe na chombo kinachoona kwa kasi kuliko jicho, na asife. Masharti hayo matatu ni magumu kuyakusanya mahali pamoja. Mnamo 1753, mjini St. Petersburg, mwanasayansi Georg Richmann alikuwepo, alikuwa na chombo, na alikufa.

Lugha yetu inaita umeme kile kinachomweka mawinguni na kile kinacholipiwa kwa mita nyumbani. Waliolipa neno hilo kazi ya pili walijua walichokuwa wakifanya. Tangu Mei 1752, pale Marly-la-Ville karibu na Paris, fimbo ya chuma iliponyonya cheche kutoka wingu la mvua kwa kufuata wazo la Benjamin Franklin, ilijulikana kwamba vitu hivyo viwili ni kitu kimoja. Kilichobaki ni kujua kiasi: mkondo mkubwa kiasi gani, unapanda kwa kasi gani, unapita njia gani, unarudi mara ngapi. Na kiasi hakipatikani kwa kutazama dirishani.

Shida ya kupima radi ni kwamba hujui itapiga wapi. Ukisimika kipimo chako katika uwanja wa wazi unaweza kusubiri miaka mingi na kipimo kikapata kutu bila kuguswa. Wa kwanza kulitatua hilo walitafuta mahali ambapo radi hurudi yenyewe. Katika miaka ya 1930 K. B. McEachron wa kampuni ya General Electric alianza kupima radi zilizopiga jengo la Empire State kule New York. Karl Berger alisimika vifaa kwenye minara miwili juu ya mlima San Salvatore, Uswisi, akakusanya vipimo tangu miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Takwimu zake ndizo zilizokuwa msingi wa kanuni nyingi za kukinga majengo. Ninapomfikiria Berger namwona kama mvuvi aliyepata mwamba mmoja wenye samaki akakaa nao maisha yake yote.

Toronto ilipata mwamba wake bila kuutafuta. Mnara wa CN ulijengwa na kampuni ya reli ya Canadian National kwa ajili ya matangazo ya televisheni na mawasiliano, ukafunguliwa kwa watu mwaka 1976. Urefu wake ni mita 553, na hadi mwaka 2007 hapakuwa na jengo duniani lililosimama lenyewe bila kushikiliwa na kamba likaushinda. Mlingoti wa chuma wa juu kabisa ulipandishwa vipande vipande kwa helikopta mwaka 1975. Tangu mwaka 1978 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto, na wenzao wa vyuo na mashirika mengine ya Ontario, wakaanza kuuchunguza. Jina la Wasyl Janischewskyj haliepukiki katika kazi hiyo, na baadaye la Ali Hussein, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Ryerson hapohapo mjini. Ukisoma makala zao utaona majina mengine yakiingia na kutoka kwa miongo kadhaa, wanafunzi wakiwa maprofesa, na mnara uleule.

Sasa nikupeleke juu, kwenye mita 474. Hapo, mwaka 1990, walifunga koili ya Rogowski. Nitaieleza kwa utulivu kwa sababu ndiyo roho ya ufundi wote. Chukua waya mwembamba, uuzungushe mizunguko mingi kwenye uti unaopindika usio na chuma ndani, kama unavyosuka ukili kuzunguka ufito. Kisha uupinde uti huo uzunguke nguzo ambayo mkondo wa umeme utapita, ncha zake zikutane. Koili haiigusi nguzo. Haishiki hata chembe ya radi. Mkondo unapopita ndani ya duara, uga wa sumaku huzaliwa kuuzunguka, na uga huo unapokua au kupungua, volti ndogo huamka kwenye waya. Walter Rogowski, Mjerumani, alikieleza kifaa hicho mwaka 1912, na jina lake limebaki nacho.

Nilipokielewa kwa mara ya kwanza nilifikiria shanga za kiunoni. Hazibebi kitu, hazizuii kitu, lakini hakuna mtikisiko wa mwili usiozifikia. Ajabu ya koili hii ni kwamba haijali wingi wa mkondo. Mkondo ukiwa mkubwa lakini umetulia, koili hunyamaza kimya. Inachosema ni kasi ya kubadilika tu: mkondo unapanda upesi kiasi gani sasa hivi, na sasa, na sasa. Chombo cha kurekodi kilichukua sauti yake kila nanosekunde 10, yaani mara milioni mia katika sekunde moja. Katika muda wa nanosekunde 10 mwanga wenyewe husogea mita 3 tu. Kisha mtafiti hukaa mezani, huvijumlisha vipande vile vyembamba kimoja baada ya kingine, na mkondo wa radi hujitokeza kwenye karatasi kama mlima unaochorwa kwa nukta.

Kasi hiyo si jambo la wataalamu peke yao. Yeyote aliyekulia kwetu anajua mvua ikianza kunguruma plagi ya TV huchomolewa. Mkondo unaopanda haraka mno huzaa volti hata kwenye waya ambao haukuguswa na radi, ulio ng'ambo ya ukuta, na hapo ndipo redio na friji huungua na watu wakashangaa kwa kuwa nyumba haikupigwa. Koili ya Rogowski hupima chanzo chenyewe cha balaa hilo.

Mlingoti pale una pembe tano, na koili ya 1990 ilikumbatia moja tu kati ya sehemu tano za chuma hicho. Mwaka 1997 wakafunga ya pili, mita 509 kutoka ardhini, ndefu zaidi, ikazunguka kiuno kizima, na habari zake zikashuka kwa waya wa nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, ili radi isiweze kuuchafua ujumbe wake yenyewe. Juu ya paa la jengo la Pratt, katika Chuo Kikuu cha Toronto, kilomita 2 hivi kaskazini ya mnara, waliweka sensa za uga wa umeme na wa sumaku. Kamera nazo zikaelekezwa mnarani, na moja ikapiga picha 1,000 kwa sekunde. Koili inasikia mkondo, sensa za paani zinaonja mawimbi yanayotawanyika jijini, kamera inaona njia. Ushahidi wa mmoja ukipingana na wa mwingine, kesi haijaisha.

Nipige hesabu kidogo. Radi za mnara huo nyingi huchukua sehemu ya sekunde tu. Zikiwa 75 kwa mwaka, mavuno ya mwaka mzima hayafiki hata dakika moja. Kwa ajili ya hiyo dakika ambayo haitimii, mtu anapanda mlingoti, anakagua viungo, anabadilisha betri, analala na simu mezani miezi ya Julai na Agosti. Mkulima gani angekubali shamba la namna hiyo?

Tena shamba lenyewe lina hila. Waliposoma mkondo uliorekodiwa waliona kilele, halafu, baada ya muda mfupi, kilele kingine. Hicho cha pili hakikutoka winguni wala hakikuwa radi mpya. Mkondo uliingia nchani, ukashuka na mnara karibu kwa kasi ya mwanga, ukafika ardhini, na sehemu yake ikarudishwa juu kama mwangwi wa mtu anayeita kisimani. Kutoka mita 474 hadi chini na kurudi ni mita 948, na mwanga huzimaliza kwa mikrosekunde 3.2 hivi. Ndivyo walivyojua. Miangwi mingine midogo ilitoka pale mnara unapobadilika umbo, kwenye kile kikombe cha mgahawa na roshani za watalii. Kwa hiyo kila kipimo kilikuwa na sauti mbili, ya radi na ya mnara, zikiwa zimesukwa pamoja. Sehemu kubwa ya kazi yao ya miaka ilikuwa kufumua msuko huo, kujifunza mnara unavyozungumza ili waweze kuutoa na kubaki na maneno ya radi peke yake. Naiheshimu sana kazi hii, kuliko hata ile ya kupanda juu. Ni rahisi kuchapisha kilele cha kwanza na kwenda zako.

Sasa turudi kwenye ule mbuyu wa mwanga. Radi ya kawaida huanzia winguni. Njia yenye chaji hushuka kwa hatua, ikijaribu huku na huku, hadi ikaribie ardhi. Lakini kitu kirefu sana hakisubiri kufuatwa. Majengo yanayozidi mita 100 hivi huanza kutoa njia yao yenyewe kupanda, na yakizidi mita 500 karibu radi zote ni za namna hiyo. Wingu likijaa chaji, uga wa umeme kwenye ncha ya mlingoti huwa mkali mno, hewa huvunjika, na njia huanza safari kutoka chini. Bila mnara pale, radi ile isingetokea wakati ule, pengine isingetokea kabisa. Ni radi ya kuchokozwa. Nimelitafuta neno jingine sikulipata lililo bora: mnara umesimama kimya, hautaki ugomvi na mtu, lakini urefu wake wenyewe ni kidole kilichoingizwa mzingani.

Na kama mnara unaweza kuichokoza radi, mtu naye anaweza? Inawezekana, na ilianza kugunduliwa kwa bahati. Katika miaka ya 1950, kwenye ghuba ya Chesapeake nchini Marekani, bomu la kulipulia nyambizi lilirusha maji juu kama nguzo, na radi ikaipiga nguzo hiyo ya maji. Watu wakajiuliza kwa nini. Jibu lililopendekezwa lilikuwa la busara: kitu kilichosimama chini ya wingu hujifunika. Ncha yake huvujisha chaji polepole hewani, na chaji hiyo huwa kama mwavuli unaoukinga uga wa wingu usiifikie. Kitu kinachopanda kwa ghafla huuacha mwavuli nyuma. Basi M. M. Newman na wenzake, katika miaka ya 1960, wakiwa kwenye boti baharini karibu na Florida, wakarusha roketi ndogo zinazovuta waya mwembamba wa chuma uliounganishwa na bahari. Radi zikaja. Mwaka 1973 Wafaransa walifanikiwa nchi kavu, Saint-Privat d'Allier. Kuanzia mwaka 1993 kituo kikubwa kikafanya kazi Camp Blanding, Florida, ambako Martin Uman, Vladimir Rakov na wenzao wa Chuo Kikuu cha Florida walirusha roketi majira baada ya majira.

Hebu tuifuate roketi moja. Wahandisi wamejifungia kwenye chumba cha chuma. Wanatazama kipimo cha uga wa umeme uwanjani, na kikipita volti elfu kadhaa kwa kila mita, mmoja anabonyeza. Roketi, ambayo mtu mmoja anaweza kuibeba, inapanda mita 150 na zaidi kwa sekunde huku ikifungua waya wa shaba uliotiwa nguvu kwa nyuzi za Kevlar, mwembamba kama uzi wa kushonea. Inapofika mita 300 hivi, njia ya mwanga inachipuka kwenye ncha yake, ikielekea winguni. Mkondo wa mamia ya ampea unapita kwenye waya, na waya unakuwa mvuke. Picha zinaonyesha sehemu hiyo ya chini imenyooka kama rula, na rangi yake ni ya kijani, rangi ya shaba inayoungua. Kisha kimya cha sehemu ndogo ya sekunde. Waya haupo tena, lakini njia yake bado ina joto. Halafu, kupitia njia hiyo ya mvuke, pigo kamili linashuka na kurudi, ampea 10,000 na zaidi, na huenda likafuatwa na jingine na jingine.

Mapigo hayo yanafanana na mapigo ya pili na ya tatu ya radi ya asili. Pigo la kwanza la asili, lenye ampea 30,000 kwa wastani, roketi haiwezi kuliiga, na wenye fani hawakulificha hilo. Kwa kulinganisha, swichi za breka katika chumba cha binamu yangu hujikata mkondo ukizidi ampea 15. Lakini roketi imetoa kile ambacho hata mnara haukutoa: saa. Mnara unakuambia wapi. Roketi inakuambia wapi na lini, na hapo unaweza kuleta chombo chochote unachotaka, ukakiweka mita chache kutoka pale. Ndivyo Joseph Dwyer na wenzake walivyoweza, mwaka 2003, kuonyesha kwamba radi za roketi hutoa miale mikali ya aina ya eksirei. Ndivyo watafiti wa Camp Blanding walivyochimba mchanga chini ya mapigo na kutoa mirija ya kioo iliyoyeyushwa na radi ikiingia ardhini, mmoja ukiwa na urefu wa karibu mita 5, wakiupangusa kwa brashi kama mfupa wa mtu wa kale. Mimi moyo wangu uko na mnara, kwa sababu ya kusubiri. Lakini ningetoa mengi kuushika mrija ule.

Na kwetu? Tarehe 28 Juni 2011, majuma manane kabla ya usiku wa Broadview, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Wanafunzi 18 walikufa. Nilizisikia habari hizo redioni asubuhi, nikasimama na kijiko mkononi. Watoto wa darasani, madawati yetu, sakafu zetu. Radi ikipiga ardhini mkondo hutawanyika kwenye udongo, na mguu mmoja ukiwa karibu na mwingine mbali kidogo, tofauti ya volti kati yao hupita mwilini. Shule isiyo na kinga haina njia ya kuuambia mkondo upite wapi. Mnara wa Toronto una vipande virefu vya shaba vinavyoshuka mwili wake mzima hadi ardhini, na watalii hunywa kahawa juu huku ukipigwa. Kanuni za upana wa shaba, za kina cha kuichimbia, za umbali kati ya waya na ukuta, zimetoka kwa watu kama Berger, na watu wa koili, na watu wa roketi. Baadaye ulianzishwa mtandao wenye makao Kampala, ACLENet, unaofundisha kuhusu radi na kufunga kinga mashuleni, na Runyanya ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza kufungiwa. Nchi zetu ndizo zenye haki kubwa ya elimu hii. Setilaiti zinaonyesha kwamba Kabare, mashariki mwa Kongo, ni mahali pa pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela.

Siku ya pili baada ya usiku ule wa Broadview, tarehe 25 Agosti, nilimpigia simu mjomba.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba mwanangu. Huko baridi?”

“Huku ni kiangazi, mjomba. Jana radi imepiga mnara mbele ya macho yangu. Imerudi na kurudi, zaidi ya saa nzima.”

“Watu wamepona?”

“Wote. Mnara ule umefungwa shaba mpaka chini. Na kuna watu wameuvika waya kiunoni, kila radi ikipita wanaipima.”

Alinyamaza. Nyuma yake nilisikia kuku, na mtu akigonga mbao, pengine mtumbwi unazibwa.

“Wakishaipima,” akasema, “wanajua ni ya nani?”

“Hawaulizi ya nani, mjomba. Wanauliza ampea ngapi, na imepanda kwa muda gani.”

Kimya tena. Aliyekuwa akigonga aliacha kugonga. Mjomba ndiye aliyekuwa mtu mzima wa mtaa mwaka ule wa ng'ombe wawili, na bi kizee yule alikuwa akimwuzia maziwa. Hatujawahi kulizungumza.

“Ngapi?” akauliza.

Nikamwambia asikate simu, nikaenda kuchukua daftari.